Mpiganaji Hatulizwi kwa Kupunguziwa Dini

Kuna rai moja iliyoenea sana siku hizi katika kumbi za semina, katika magazeti, na hata katika vinywa vya watu wema wasiomtakia mtu yeyote mabaya, nayo ni kwamba mtu aliyeshika silaha kwa jina la dini yake hawezi kurudi katika utu na ujirani mwema mpaka dini hiyo ipunguzwe ndani yake kidogo kidogo, abaki nayo kwa kadiri isiyomdhuru mwingine. Wenye rai hii huiona dini kama chumvi, kwamba kidogo hukoleza na nyingi huharibu chungu kizima. Na kwa hiyo, wakutanapo na kijana aliyejaa ghadhabu ya dini, nasaha yao ya kwanza ni ile tuliyokwisha kuizoea: tuweke dini kando, tuzungumze kama binadamu. Neno hilo lina sura ya hekima, na husemwa kwa upole, wala mimi siwadhanii ubaya wale wanaolisema. Lakini naona ni neno la makosa, tena makosa yenye madhara. Na ushahidi ambao wao wenyewe hupenda kuuleta, yaani habari za Imamu Muhammad Ashafa na Mchungaji James Wuye wa Kaduna, katika Nigeria ya kaskazini, ukitazamwa kwa insafu huwageukia wao na kuibatilisha hoja yao.

Habari za watu hawa wawili zimesimuliwa mara nyingi, lakini kwa kukatwa. Husemwa kwamba walikuwa maadui wenye siasa kali, kisha wakaacha ukali wao, wakawa marafiki, na sasa huzunguka duniani wakihubiri amani. Kila neno katika muhtasari huo lina ukweli wake, na hata hivyo jambo lenyewe limeachwa nje. Maana hausemi ni nini kilichowageuza, wala hausemi waligeuka kutoka wapi kwenda wapi. Msikilizaji hujijazia mwenyewe pengo hilo kwa dhana aliyokuja nayo, akaondoka akiamini kwamba hawa ni watu wawili waliochoshwa na dini, ama walau walioipunguza makali, wakakutana katikati mahali ambapo si msikitini wala si kanisani. Sivyo yalivyokuwa.

Kaduna ni mji uliokatwa na mto wa jina lake, uliosimamishwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya ishirini uwe makao makuu ya Nigeria ya kaskazini, na kwa sababu hiyo ukajaa watu wa kila namna: Wahausa na Wafulani, ambao aghalabu yao ni Waislamu, na watu wa makabila mengi madogo ya kusini mwa jimbo, ambao wengi wao ni Wakristo, na ambao wangali wanakumbuka enzi za kutawaliwa na maamiri wa Zaria. Mwezi wa Machi 1987 ugomvi ulizuka katika chuo cha ualimu cha Kafanchan kwa sababu ya mahubiri, na katika siku chache makanisa na misikiti ikachomwa katika miji iliyo mbali na Kafanchan. Mwaka 1992 ikawa zamu ya Zangon Kataf, na huko ugomvi ulianza kwa habari ya soko: halmashauri ilitaka kulihamisha kutoka mahali lilipokuwa tangu zamani, mikononi mwa Wahausa, kulipeleka penginepo, na Wahausa wakakataa. Watu waliuana mwezi wa Februari, wakauana tena mwezi wa Mei kwa ukali uliozidi ule wa kwanza, na habari zilipofika Kaduna mjini, majirani wakageukiana.

Katika siku hizo Ashafa, mwana wa ukoo wa wanazuoni, alikuwa miongoni mwa viongozi wa vijana wa Kiislamu. Na Wuye, mwana wa askari, alikuwa miongoni mwa viongozi wa vijana katika Chama cha Wakristo cha Nigeria. Kila mmoja aliamini kwamba analinda, wala hashambulii. Ghasia zilipopoa, Wuye alikuwa amepoteza mkono wake wa kulia. Na Ashafa alikuwa amewapoteza binamu zake wawili pamoja na sheikh wake, mzee aliyemlea katika elimu na ibada. Uadui wao, basi, haukutoka vitabuni wala kwa wahubiri wa mbali. Mmoja alijifunza upya kuandika, kula na kujifunga vifungo kwa mkono wa kushoto. Mwingine alikuwa na makaburi ya jamaa zake. Mtu atakayewaambia watu kama hao waweke dini kando wazungumze kama binadamu, na ajiulize kwanza huo ubinadamu peke yake, katika hali waliyokuwa nayo, ungewaamrisha nini. Ungewaamrisha kisasi. Kisasi ndicho kitu cha kibinadamu kuliko vyote. Hakihitaji kufundishwa, hakihitaji aya wala sura, na mtoto mdogo hukijua kabla hajajua kusema. Ashafa na Wuye walikiwaza kwa miaka.

Sasa tutazame kilichomgeuza Ashafa, kwani hapa ndipo hoja yote ilipo. Haikuwa warsha, wala haikuwa risala ya haki za binadamu, ingawa sina neno baya la kusema juu ya vitu hivyo. Ilikuwa ni khutba ya Ijumaa. Imamu alisimama juu ya mimbari akazungumza juu ya msamaha, akaleta kisa cha Taif. Na kila aliyepitia chuoni kwa mwalimu katika mwambao wetu anakijua kisa hicho. Mtume Muhammad, baada ya kufiwa na mkewe Khadija na ami yake Abu Talib, mwaka mmoja, alitoka Makka akaenda Taif kutafuta watu wa kumsikiliza. Wakuu wa mji wakamkejeli, wakawatuma watoto na wapumbavu wakamfukuza kwa mawe hata damu ikaingia katika viatu vyake. Kisha akajiwa na malaika wa milima, akaambiwa kwamba akitaka, milima miwili itawaangukia watu hao na kuwaangamiza. Naye akakataa, kwa kutaraji kwamba katika migongo yao watatoka watoto watakaomwabudu Mwenyezi Mungu. Ashafa amesimulia kuwa alipoyasikia hayo alijiona kana kwamba khutba imesomwa kwa ajili yake. Nani angemwambia jambo hilo likamwingia, ila mtu aliyesimama mahali pale, katika vazi lile, kwa mamlaka ya kisa kile? Na nani angelikubali, ila mtu ambaye Mtume kwake ni zaidi ya nafsi yake, hata asiweze kuutaka uharibifu alioukataa Mtume?

Kuna jambo jingine katika kisa hicho, ambalo wasomaji wengi hulipita. Mtume alipokwisha kukimbilia katika shamba la mizabibu, hali anatoka damu, mtu wa kwanza kumwonyesha huruma alikuwa mtumwa mmoja jina lake Addas, mtu wa Ninawi, naye alikuwa Mkristo. Alitumwa na mabwana zake ampelekee zabibu. Mtume akataja jina la Mungu kabla ya kula, Addas akastaajabu, wakazungumza juu ya Nabii Yunus, na mtumwa yule akainama akambusu. Sijui khatibu wa Kaduna alifika mpaka hapo katika masimulizi yake siku ile au hakufika. Lakini kisa ni kimoja, na Mkristo yumo ndani yake tangu mwanzo, amebeba zabibu mkononi. Hakuletwa na wafadhili.

Wuye alichelewa. Walikutanishwa mwaka 1995 katika kikao cha serikali kilichohusu afya na chanjo za watoto, na mwandishi mmoja wa habari ndiye aliyewashika mikono wote wawili akawaambia kwamba uwezo wa kuuletea mji huu amani uko kwao. Ashafa akaanza kumwendea Wuye. Wuye hakumwamini, na mtu yeyote mwenye akili hawezi kumlaumu. Yeye mwenyewe, kwa ukweli unaostahili heshima, amepata kukiri kwamba hata baada ya wao kuanza kufanya kazi pamoja, walipokuwa safarini wamelala chumba kimoja, fikra ilimjia amwekee mwenzake mto usoni mpaka pumzi imtoke. Nimeitaja habari hii kwa makusudi, kwa maana wenye rai ninayoipinga hupenda kuamini kwamba watu wakikutanishwa, wakala pamoja, wakajuana majina ya watoto wao, uadui huyeyuka wenyewe. Hapa palikuwa na watu wawili waliokwisha kukutanishwa, waliokwisha kula pamoja, waliokwisha kuanza kufanya kazi ya usuluhishi pamoja, na bado mmoja wao, usiku, taa imezimwa, alikuwa na mauaji moyoni. Ujuani haukumtosha.

Kilichomfungua Wuye ni neno la mchungaji mwenzake, aliyemkabili akamwambia kwamba hawezi kumhubiri Kristo na huku anachukia. Kwamba viwili hivyo havikai katika kinywa kimoja. Tuupime uzito wa neno hilo. Mchungaji yule hakumwambia Wuye apunguze kumhubiri Kristo, ili chuki ipate kupungua nayo. Alimwambia kwamba chuki inamzuia kumhubiri Kristo barabara, na kwa hiyo itoke chuki, Kristo abaki. Yaani alimshitaki kwa upungufu wa dini, si kwa wingi wake. Na Maandiko aliyokuwa akiyasoma Wuye kila siku yalikuwa na habari yake yeye mwenyewe, ya mfuasi aliyechomoa upanga bustanini usiku ule wa kukamatwa Yesu, akadhani anamlinda bwana wake, akamkata mtumwa wa kuhani mkuu sikio la kuume. Na bwana akamwamuru aurudishe upanga alani, akaliponya sikio la adui. Vijana wa Kaduna waliojiita walinzi wa kanisa walikuwa wamesimama mahali pa Petro katika kisa hicho bila ya kujua, na hapakuwa na haja ya kuwatoa katika kisa ili kuwaponya. Palikuwa na haja ya kuwasomea mpaka mwisho wake.

Je, waliacha nini, basi, watu hawa? Waliacha silaha, waliacha kisasi, waliacha lugha ya matusi juu ya mambo matakatifu ya wengine. Dini hawakuiacha wala hawakuipunguza. Ashafa husema hadharani kwamba angefurahi Wuye asilimu, na Wuye husema hadharani kwamba angefurahi Ashafa aokoke, na kila mmoja anajua kuwa mwenzake anamwombea hilo, na urafiki wao haukuvunjika. Maneno hayo aghalabu huwatia wasiwasi wasikilizaji wa ughaibuni, ambao walitaraji kusikia kwamba dini zote ni sawa; na nimeona waandishi wakiyaruka, kana kwamba ni doa katika nguo nyeupe. Mimi nasema hayo ndiyo yenye thamani kuliko yote waliyoyasema. Amani ya watu wasioamini kitu haikuwa haba duniani. Kilichokuwa kikidaiwa kuwa hakiwezekani ni amani baina ya watu wawili ambao kila mmoja ana yakini kwamba mwenzake amekosea katika jambo kubwa kuliko yote, naye hayuko tayari kumdhuru kwa sababu hiyo, bali yuko tayari kumlinda.

Wala jambo hili si geni katika dini zenyewe, kiasi cha kutushangaza. Wakristo walizirithi barua nyingi za Agano Jipya kutoka kwa mtu aliyekuwa akienda Dameski na hati za kuwafunga waumini. Waislamu walimpata khalifa wao wa pili katika mtu aliyetoka nyumbani kwake na upanga kiunoni, nia yake kumwua Mtume, akapita kwa dada yake, akasikia sura ya Taha ikisomwa. Sauli hakufanywa mtu baridi ndipo akawa Paulo, wala Sayyidna Umar hakutolewa ukali wake. Ukali ule ule ulipata qibla. Dini mbili zinazoweka mpiganaji aliyegeuka karibu kabisa na msingi wa nyumba zao hazihitaji kuazima kwingine elimu ya kumgeuza mpiganaji.

Najua rai ninayoipinga imetoka wapi, nayo imetoka katika hofu ya haki. Watu waliona Kafanchan, wakaona Zangon Kataf, wakasikia jina la Mungu likipigiwa kelele mbele ya nyumba zinazowaka, na wakakata shauri kwamba jina hilo na moto ule ni kitu kimoja. Lakini matokeo ya shauri hilo ni kumwekea mpiganaji sharti lisilokubalika: kwamba auze kile akionacho kuwa bora kuliko uhai wake, ndipo apewe amani. Mtu mwaminifu atakataa, na kwa mujibu wa imani yake atakuwa amefanya sawa. Asiye mwaminifu atakubali, lakini huyo hakuwa wa kuogopwa tangu awali. Hivyo semina huwavuna wale wasiohitaji kuvunwa, na wale waliokusudiwa hubaki nje, wakizidi kusadiki maneno ya viongozi wao kwamba amani ni jina jingine la kuritadi.

Ashafa na Wuye walifungua mlango ambao watu wa semina hawakuweza kuufungua. Yelwa, katika jimbo la Plateau, mwezi wa Februari 2004 Wakristo waliuawa hata katika uwanja wa kanisa, na mwezi wa Mei wa mwaka ule ule Waislamu takriban 700, kwa makadirio ya Human Rights Watch, waliuawa katika muda wa siku mbili. Na Rais Obasanjo akatangaza hali ya hatari katika jimbo zima. Wawili hawa waliingia baina ya watu waliotoka kuzika. Waliwakalisha viongozi wa pande zote mbili, wakawaacha waseme uchungu wao bila ya kuwakata, kisha imamu akawasomea Waislamu Kurani yao juu ya uadilifu hata kwa wanaochukiwa, na mchungaji akawasomea Wakristo Injili yao juu ya kuwapenda maadui. Na mwezi wa Februari 2005 watu wa Yelwa waliadhimisha hadharani makubaliano ya amani. Mwalimu asiye na dini angeyasoma maandiko yale yale, kwa sauti ile ile, na wasingemsikia, kwa sababu wangejua kwamba yeye mwenyewe hayamfungi.

Hapa pana watakaonijibu kwamba nimechukua mji wenye dini mbili nikaupa dawa ya dini, na kwamba hiyo ni bahati ya mahali. Basi na tuje kwetu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilipoteza watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Jaji Waki, na Burnt Forest, katika njia itokayo Nakuru kwenda Eldoret, ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia, si kwa mara ya kwanza, kwani iliwaka pia mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wakalenjin na Wakikuyu wa pale wengi wao ni Wakristo. Huenda waliwahi kuimba tenzi zile zile katika Jumapili moja. Hapakuwa na dini mbili za kugombana. Palikuwa na ardhi, na kura, na kumbukumbu za nani alihamia lini. Ashafa na Wuye waliitwa huko, na kazi yao ikapigwa picha katika filamu iliyotoka mwaka 2010: imamu na mchungaji wa Nigeria, wageni katika mashamba ya Bonde la Ufa, wakiwashauri wazee na vijana wa makabila mawili warejee katika soko na barabara moja. Ikiwa dini ndiyo chanzo cha vita, Burnt Forest haikupasa kuungua; na ikiwa dini haina dawa ila pale ilipokuwa ugonjwa, wawili hawa hawakuwa na la kufanya huko. Dhana zote mbili zinaanguka kwa mfano mmoja.

Hoja nzito kuliko hiyo ni ile isemayo kwamba Kaduna yenyewe haikupona. Mwaka 2000, miaka mitano baada ya wao kukutanishwa, habari ya kuingiza sharia katika jimbo ilileta mauaji ya watu wasiopungua 2,000. Tarehe 22 Agosti 2002 viongozi wa dini walitia saini Azimio la Kaduna, wakilaani mauaji yafanywayo kwa jina la Mungu, na kabla mwaka haujaisha, mwezi wa Novemba, mashindano ya urembo na makala ya gazeti moja vikaleta ghasia zilizoua takriban watu 250. Mwaka 2011, baada ya uchaguzi wa rais, zaidi ya 500 waliuawa katika jimbo hilo. Na hata leo Waislamu wamejikusanya zaidi kaskazini ya mto na Wakristo kusini yake. Sitaki kuyapunguza hayo hata kidogo. Anayetetea amani kwa kuficha maiti hana amani ya kutetea.

Lakini tusome mambo yenyewe. Zangon Kataf ilianza na soko. Mwaka 2011 ilianza na kura. Katika majimbo ya katikati ya Nigeria, hati ya uenyeji itolewayo na halmashauri ndiyo huamua nani apate kazi ya serikali na nani mwanawe apate nafasi ya chuo, na watu waliozaliwa mahali, na baba zao wakazaliwa hapo, huitwa wageni kwa kukosa karatasi hiyo. Haya ni mambo ya sheria na utawala. Jenerali mstaafu Zamani Lekwot na wenzake walihukumiwa kifo na mahakama maalumu kwa habari za Zangon Kataf, kisha hukumu ikapunguzwa na wakaachiwa, na kila upande ukabaki na yakini kwamba haki haikutendeka. Kumdai imamu na mchungaji waziponye dhulma ambazo serikali imeziandika katika karatasi zake, kisha waliposhindwa kusema kwamba dini imeshindwa, ni kuitoza dini deni la mtu mwingine. Wao hawakudai kamwe kwamba wanaweza kuishika nafasi ya hakimu au ya bunge. Walidai jambo moja, kwamba jina la Mungu lisitumiwe kama kuni. Na katika hilo wamefanya kazi kuliko watawala waliopita.

Ipo shaka ya mwisho, nayo ndiyo niiheshimuyo kuliko zote: kwamba toba ya mpiganaji ni rahisi mno kwake, na kwamba dini humpa mwuaji vazi jeupe kabla damu haijakauka. Wenye shaka hii hutaja Liberia. Mwezi wa Januari 2008 Joshua Milton Blahyi, aliyekuwa kamanda katika vita vya Monrovia, na ambaye tangu 1996 amekuwa mhubiri, alisimama mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano akasema kwamba roho zisizopungua 20,000 ziko juu yake na watu wake. Na mwaka uliofuata Tume hiyo ikapendekeza asishitakiwe, kwa kuwa alisema kweli na kujuta. Mama aliyefiwa Monrovia akiuliza kwamba yeye amepewa nini katika mapatano hayo, hatuna haki ya kumnyamazisha kwa mahubiri.

Nami simnyamazishi, ila nasema kwamba jawabu yake imo katika dini kwa ukamilifu wake, na shida huja pale inapochukuliwa nusu. Wanazuoni wetu wametenga tangu zamani haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja. Aliyeacha sala akatubu, amemalizana na Mola wake. Aliyeua, aliyepora, aliyekata mkono, toba yake haitimii mpaka amwendee mwenye haki, amrudishie kinachorudishika, ajitoe kwa kile kisichorudishika, na ahiari kuhukumiwa. Zakayo wa Injili hakusema tu kwamba amebadilika. Alitaja nusu ya mali yake na malipo mara nne. Na Wahshi, aliyemwua Hamza, ami yake Mtume, alipokuja kusilimu, Uislamu wake ulikubaliwa, damu yake ikahifadhiwa, na papo hapo Mtume akamwomba asimwonyeshe uso wake. Kisa hiki nakipenda kwa ukweli wake. Msamaha ulikuwa kamili, na huzuni ya aliyefiwa haikulazimishwa itabasamu. Mahubiri ya maridhiano yanayomtaka mjane amkumbatie mwuaji wa mumewe mbele ya kamera yamekuwa na dini pungufu kuliko hiyo, na ni haki kuyakataa. Lakini yakataliwe kwa kipimo cha dini timilifu, ambacho ni kizito kwa mwuaji kuliko kipimo chochote alichopewa na semina. Wuye na Ashafa, waliporudi kwa watu walioumizwa mwaka hadi mwaka, mtaa hadi mtaa, walikuwa wakilipa kwa njia hiyo.

Mwezi wa Aprili 2015, baada ya watu 148, wengi wao wanafunzi, kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ya Kenya ilitangaza msamaha kwa vijana waliojiunga na al-Shabaab ambao wangejisalimisha. Uamuzi huo ulihitaji ujasiri, na nafikiri ulikuwa wa haki. Lakini kijana aliyerudi Likoni au Kwale baada ya kuambiwa huko alikotoka kwamba anaijua dini kuliko baba yake, akakalishwa katika ukumbi wa hoteli siku mbili asikilize kwamba dini ni jambo la nyumbani, atasadiki kwamba aliyoambiwa kule ni kweli. Anahitaji maalimu aliyehifadhi zaidi kuliko waliomwandikisha, asiyeogopa kufungua sura zile zile zilizotumiwa kumpoteza, azisome pamoja na yaliyo kabla yake na baada yake, sababu zake na mipaka yake, wiki kwa wiki, mpaka kijana mwenyewe aone alipokatiwa aya katikati. Maalimu huyo apatikane katika vyuo vyetu, alipwe na waumini wake, asiwe na bahasha ya mtu mfukoni. Na kijana wa Kikristo aliyebeba panga mwaka 2008 kwa ajili ya shamba naye anahitaji mchungaji wa kumwuliza, kwa jina la Kristo anayemwimbia, yule jirani yuko wapi na ng'ombe wake wako zizini mwa nani. Wenye fedha za semina, ikiwa wanataka kweli kuwaalika wazee wa Kaduna waje kutufundisha, na wawaache waseme yote, pamoja na ile sehemu ambayo imamu anamwombea mchungaji asilimu.